Simba apimwe kwanza

Mama Baraka mpenzi,

Salaam nyingi kwako, kwa baba Baraka na watoto. Sisi huku hatujambo. Barua yako imenifika, na habari za mbwa wenu Simba zimenikosesha raha. Unasema ana miaka tisa, amenenepa ilhali chakula ni kilekile, hataki tena kukufuata sokoni, na mchana kutwa amejilaza karibu na jiko akitafuta joto. Umeandika, "Ni uzee tu." Mimi sikubali, angalau si kabla hajapimwa.

Kilichonishtua zaidi ni manyoya. Yamepukutika mbavuni pande zote mbili sawasawa, mkia umebaki kama wa panya, lakini hajikuni. Angekuwa na upele au viroboto, angejikuna usiku kucha. Manyoya kutoka hivyo bila muwasho, pamoja na unene na usingizi, hunifanya nishuku tezi ya thairoidi. Tezi hiyo iko shingoni, na homoni zake ndizo zinazoamua mwili utumie chakula kwa kasi gani. Kwa mbwa, mara nyingi kinga ya mwili wake mwenyewe huishambulia hadi ikanyauka. Mtazame na usoni: wengine ngozi hujaa, kope zikalegea, ukadhani wana majonzi. Hata yale masikio yanayotoa usaha kila mara huenda chanzo chake ni hichohicho.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo atolewe damu, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Kipimo cha kwanza huitwa T4, yaani kiasi cha homoni kuu ya tezi hiyo kwenye damu. Kikitoka chini, usikubali kuanzishiwa dawa papo hapo. T4 hushuka mbwa anapozeeka, na hushuka akiugua jambo jingine lolote, hata homa ya kupe, ambayo huko kwenu haikosekani. Predinisoloni, ile dawa ya uvimbe na mzio, huishusha, na dawa ya kifafa ya fenobabitali vilevile. Kama Simba amepewa dawa yoyote hivi karibuni, mtajie daktari. Omba wapime TSH pia, yaani homoni inayotoka kichwani kuiamuru thairoidi ifanye kazi, na T4 huru, ile sehemu ya T4 isiyoshikamana na protini za damu, kama maabara yao inaweza. T4 ikiwa chini huku TSH iko juu, hapo ugonjwa una ushahidi. Na kama anakunywa maji kupita kiasi na tumbo limening'inia, sema, kwa sababu tezi za juu ya figo nazo zikiharibika huleta sura karibu ileile.

Ikithibitika, atameza levothairoksini, vidonge vya kuziba pengo la homoni ya thairoidi, maisha yake yote. Kwa kawaida huanzwa na miligramu 0.02 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12. Najua mama mkwe wako anatumia dawa hiyohiyo, ila tafadhali usimgawie Simba kwa kukadiria: kipimo cha mbwa si cha binadamu hata kidogo. Baada ya mwezi hivi arudi kupimwa, saa 4 hadi 6 tangu ameze kidonge. Ukimwona anahema ovyo, ana kiu, hatulii usiku, dozi imezidi.

Uchangamfu huanza kurudi ndani ya wiki moja au mbili. Manyoya huchukua miezi, kwa hiyo usikate tamaa mapema ukaacha dawa.

Majibu yakitoka niandikie namba zenyewe kama zilivyo kwenye karatasi. Na gharama ya vipimo ikikulemea, usione haya kuniambia.

Wako akupendaye,
Mama Zuhura