Idi njema kutoka kwetu Fuoni, na habari ya kibaba cha bati

Assalaam alaykum ndugu zangu, jamaa na marafiki, wa Unguja na Pemba, mlioko bara, mlioko Muscat na Dubai, na nyinyi mnaokula sikukuu kwenye baridi huko Uingereza na Kanada. Mwezi umeandama, Idi Mubarak kwenu nyote, taqabbalallahu minna wa minkum, Mungu azitakabali funga zetu na atufikishe mwakani tukiwa na afya, na waliotangulia awasamehe na awape kauli thabit. Amin.

Saiv ni saa tano na nusu usiku na ndo kwanza nimekaa. Watoto wamelala kwa shida mana usiku wa Idi mtoto hana usingizi, nguo wamezitundika mlangoni wazione hata wakifumbua jicho moja, na binti yangu wa kati kalala chali mikono kaipandisha juu ya mto asije akaharibu piko. Nyumba nzima inanukia samli na hiliki, tumechoma vileja tangu alasiri, na mkaa wa juu ya bati ndo unapoa huko uani. Nami nimekaa hapa kwenye mkeka na simu mkononi nikitaka kuandika salamu mbili tatu tu za kuwatumia, lakini moyo umejaa, basi nivumilieni nitakuwa mrefu kidogo.

Nnachowaza ni hichi. Hawa watoto wangu watatu wakiwa wakubwa, na mimi nimeshaondoka, watakumbuka nini cha Idi za nyumbani kwao? Nguo najua hawatozikumbuka, mimi mwenyewe gauni zangu za utotoni siwezi kukutajia hata moja, labda moja ya rangi ya samawati yenye mikono ya puto ambayo nilivaa Idi mosi, mama akaifua usiku, nikaivaa tena Idi tatu. Mnazi Mmoja watakumbuka, hiyo lazima, nani katika sisi kasahau zile pembea za mbao vijana wanazizungusha kwa mikono huku sisi tunapiga kelele, na mapulizo, na urojo wa jioni, na mkono wa Idi wa shilingi 20 umeukunja mpaka umelowa jasho hujui ununue nini. Hayo yatakaa yenyewe bila ya mimi kuyashughulikia.

Ninachotaka wakumbuke, na nnakiombea dua kabisa, ni usiku wa fitri, ile zaka ya chakula tunayowatolea wasiojiweza mwisho wa Ramadhani.

Kwetu tulikuwa Michenzani, mjini Unguja, kwenye yale majumba marefu ya miaka ya 1970 yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, sisi ghorofa ya nne. Siku ya mwezi 29 baada ya kufutari baba anaiweka redio dirishani, Sauti ya Tanzania Zanzibar wakati ule, na jengo zima kimya, unasikia redio moja tu iliyo kwenye milango yote. Likitangazwa kuwa mwezi umeonekana basi hapo ni takbira kutoka juu mpaka chini, watoto wanateremka ngazi mbio, lakini sisi hatuteremki kwanza. Sisi baba anasema, "Leteni mkeka."

Mkeka unatandikwa, mama anamimina mchele, na baba anashusha kibaba chake kutoka juu ya kabati. Kibaba cha bati, chombo cha kupimia nafaka, kimebonyea ubavuni, mkono wake wa waya. Pishi moja ni vibaba vinne na kila kichwa ndani ya nyumba kina pishi yake, siku hizi tunahesabu kilo 2.5, ila baba hakuwahi kutumia mizani. Tulikuwa vichwa tisa: yeye, mama, bibi mzaa baba, sisi watano, na binamu yetu aliyelelewa kwetu. Baba anapima na kutaja. Hii ya bibi, moja, mbili, tatu, nne. Hii ya mama yenu. Kisha anafika kwako, anakutazama usoni, anasema "hii yako wewe," na anakijaza kibaba mpaka mchele unafanya kichuguu juu na unamwagika pembeni, hakati kwa kiganja. Kaka yangu aliwahi kumuuliza kwa nini hasawazishi, akajibu, "Cha mtu kinajaa, cha kwako ndo unaweza kukikata." Mimi nilikuwa mdogo sana lakini ile kuitwa jina na kupimiwa mchele wangu mwenyewe, mchele ambao si wa kula mimi, ilinifanya nijione mtu mkubwa kabisa.

Halafu ndo safari. Tunagawiwa vikapu vya ukili, wawili wawili, na tunaambiwa nyumba ya kwenda, na masharti ni yale yale kila mwaka. Unabisha hodi, unatoa salamu, unasema "baba anakusalimuni," unakabidhi, unaondoka. Huchungulii ndani. Hungoji uambiwe ahsante. Na hilo la mwisho alikuwa analisema taratibu ameinamisha kichwa: nyumba uliyokwenda huisemi popote, si kwa rafiki, si skuli, si kwa ndugu yako aliyekwenda nyumba nyengine. Tunateremka zile ngazi gizani kikapu kinakukata kiganja na moyo unadunda kama umetumwa jambo la serikali.

Sasa nataka niwaeleze mwaka 1994, jambo ambalo watoto wangu nimewasimulia leo kwa mara ya kwanza.

Ramadhani ile iliangukia Februari na Machi. Baba alikuwa kuli pale bandarini Malindi, mgongo ukamuuma tangu mwezi wa Rajabu, akawa hawezi kunyanyua kitu wala kukaa muda mrefu, na kuli asiponyanyua hakuna pesa. Tulifunga Ramadhani ile kwa mihogo na uji, futari za majirani zikituingilia bila ya kuulizwa. Mwezi ukatangazwa, takbira zikaanza, na mkeka haukutandikwa. Kibaba kilibaki juu ya kabati. Baba kalala kaelekea ukutani na mama yuko jikoni hafanyi chochote, kasimama tu.

Pakabishwa hodi. Nikaenda kufungua mimi, na mlangoni alikuwa mtoto tuliyekuwa tunasoma darasa moja, tunakaa dawati la tatu yeye na mimi, na mdogo wake, na kikapu kati yao wamekishika kila mmoja mkono wake. Akaniona. Nami nikamuona. Akasema, "Assalaam alaykum, baba anakusalimuni."

Maneno yale yale yaani. Sijui hata mimi nilijibu nini. Mama akatoka, akapokea, akamimina kwenye beseni, na mana chombo cha mtu hakirudi kitupu kwetu, akatafuta la kutia na hakukuwa na kitu, akachukua ndimu tatu zilizokuwa kwenye kisahani akazitia mle, akasema, "Na nyinyi mumsalimie baba yenu, mwambieni tumepokea, Mungu amzidishie." Wakaondoka. Hawakungoja, hawakuchungulia. Nilisimama kwenye ngazi nikawasikiliza wanavyoteremka mpaka chini, na nilikuwa na hofu moja tu, skuli.

Skuli tukafungua baada ya sikukuu. Yule mtoto akakaa pale pale dawati la tatu, akaniomba ufutio, nikampa, akaufutia hesabu zake akanirudishia. Basi. Hakusema siku ile wala siku nyengine yoyote, na tumekua, tumeolewa, tunaonana kwenye maharusi na maziko, tunacheka, hajapata kulitaja hata kwa jicho. Kuna baba mahali alimfundisha mwanawe kama wangu alivyotufundisha sisi. Dada yangu, ukisoma hapa utajijua, na sitokutaja mpaka naingia kaburini, lakini dua yangu ya usiku huu wa leo ina sehemu yako na wazee wako, kila mwaka.

Baba alipona, alhamdulillahi, akarudi kazini kazi nyepesi, na mwaka uliofuata kibaba kikashuka tena. Kile kichuguu juu kikazidi. Amefariki zamani, na katika kugawana vitu kaka akachukua redio, mimi nikaomba kibaba.

Leo mwanangu mkubwa, ana miaka 14, kaniuliza kwa nia safi kabisa, "Mama kwani tusitume kwa simu? Dakika moja tu." Na kwa kweli kwa jamaa zetu wa Pemba ndo tunavyofanya, tunamtumia mtu wa kule ananunua mchele anapeleka, simu imeturahisishia na sina ugomvi nayo. Habari za fikhi nawaachia masheikh, ila sisi tumelelewa kuwa fitri ni chakula. Lakini nikamwambia mwanangu, hizi pishi za humu ndani tunazipima na kuzibeba, nataka ujue uzito wake mkononi. Akanyamaza. Halafu nikamhadithia ya 1994 pale pale kwenye mkeka, na nilipofika kwenye ndimu tatu akainuka akenda kutafuta kikapu mwenyewe.

Na sasa hili la mwisho ndo lililonikalisha macho.

Mwaka jana tulikuwa vichwa sita humu ndani: mimi, baba yao, wao watatu, na mama yangu. Mama katutoka mwezi wa Rajabu. Nikapima leo pishi tano nikaweka kibaba chini. Yule mdogo, wa miaka sita, alikuwa anahesabu kwa vidole, akaniangalia, akasema, "Bado ya bibi." Baba yake akamueleza vizuri kuwa fitri ni ya aliye hai, bibi hana tena juu yake. Mtoto akasema "bado ya bibi," vile vile, wala halii, ananikumbusha tu hesabu.

Huyu mtoto alizaliwa usiku wa Idi, baada ya magharibi. Kisheria aliyezaliwa jua limeshazama fitri haimpasi, na ndo tulivyosema siku ile, lakini mama yangu akatoka hospitali na khanga zake bega moja akaja nyumbani akashusha kibaba hichi hichi akapima vinne, anasema, "Si wajibu najua, lakini keshafika, hatumwachi nje ya hesabu." Mimi nilihadithiwa nilipotoka. Mtoto mwenyewe hajui, hajawahi kuambiwa na mtu.

Basi nikashika kibaba. Moja, mbili, tatu, nne, kichuguu juu. Tukaitoa sadaka, tukanuia thawabu zake zimfikie, na yule mdogo akataka kuibeba yeye, kikapu kinaburura chini, kaka yake akamshikia upande mmoja. Wamekwenda nilikowaagiza na wamerudi, na nilipowauliza "mmefika?" wakasema "tumefika," na hawakusema wapi hata kwa dada yao.

Jamani, sikukuu njema. Kesho asubuhi tutakuwa Maisara kwenye sala, baada ya hapo tupo nyumbani, pilau ipo, vileja vipo debe zima, boflo na tambi za asubuhi msiulize. Mlango uko wazi siku zote nne, Idi pili jioni tu ndo tutawapeleka watoto Mnazi Mmoja. Mlioko mbali pigeni simu, kaka yangu wa Muscat wewe piga mapema mana watoto wanataka uione piko. Na mwenye mzee wake bado yuko ndani ya hesabu, naombeni mnishikie mkono wake.

Idi Mubarak.