Jicho lako na majira ya baridi

Rehema mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Jicho limewaka tena, mara ya tatu hii, na unasema daima ni wakati wa baridi, kwa hiyo baridi ndiyo adui. Nami niliamini hivyo hivyo, mpaka nilipoanza kuandika tarehe.

Uveitisi, ugonjwa wetu huu wa uvimbe ndani ya jicho, mara nyingi ni kinga ya mwili kuligeukia jicho. Wengi wanaoshikwa ghafla sehemu ya mbele, kama sisi, wana jeni ya HLA-B27. Uhusiano huo ulijulikana mwaka 1973. Jeni haijui mwezi gani umeingia. Vichokozi ndivyo vinavyokuja na kuondoka: mafua, maambukizi ya tumbo, pengine na uchache wa jua. Mbali na ikweta vitamini D hushuka sana baridi inapokwisha, na vitamini hiyo husaidia kutuliza seli za kinga. Lakini watafiti waliohesabu wagonjwa mwezi kwa mwezi hawakubaliani: hawa wameona wimbi la msimu, wale hawakuona kitu. Tena mara nyingi tarehe inayohesabiwa ni ya siku mgonjwa alipofika kliniki, siyo ya usiku jicho lilipoanza kuuma. Hapo msimu mzima unaweza kupotoshwa na watu waliochelewa.

Mimi ni mmoja wao. Mara ya pili nilisema ni vumbi la kiangazi, nikakaa siku tano. Nilipofika, mboni ilikuwa imenata kwenye lenzi, imepoteza uduara wake. Matone ya kuipanua yaliibandua, ila si yote. Hadi leo ukinitazama kwa karibu utaona.

Ndiyo maana nakusihi, Rehema: jicho likiwa jekundu kuizunguka mboni, likauma na kukataa mwanga, nenda siku hiyo hiyo, iwe baridi iwe joto. Matone ya steroidi, yale ya kutuliza uvimbe, usiyakate ghafla kwa sababu umepata nafuu. Yapunguze kama daktari alivyopanga, na presha ya jicho ipimwe, maana dawa hiyo yaweza kuipandisha. Mwambie pia kuhusu ule mgongo unaokakamaa asubuhi, maana jeni ile ile huhusishwa na ugonjwa wa uti wa mgongo. Ulinitajia kwa kupita tu, na mimi sijalala vizuri tangu niusome mstari ule.

Daftari lako anza leo: tarehe, jicho lipi, mafua au tumbo wiki zilizotangulia. Niandikie ukitoka kliniki, unieleze kama seli za uvimbe zinazoonekana ndani ya jicho zimepungua.

Akupendaye,
Mwanaidi