Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga: waandishi wetu hawana wa kuwasoma

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam nyingi kutoka Ngamiani. Nakuandikia mapema, kabla makadirio ya mwaka ujao wa fedha hayajafungwa, kwa sababu nikichelewa jibu ninalijua: ombi limekuja nje ya bajeti. Ninachoomba ni kifungu kimoja, tena kidogo, cha kuanzisha nyumba ya waandishi hapa Tanga. Nikisema nyumba, tafadhali usimwite mkandarasi kwanza. Nitaeleza.

Mimi ni mchapaji. Nina steshenari ndogo yenye kompyuta, mashine ya fotokopi, skana na benchi la wateja. Kinachonilisha ni barua za kuomba kazi, fomu za uhamisho, kadi za harusi na mitihani ya majaribio. Lakini kuna wateja wengine, na hao huwatambua kwa kauntabuku. Huliweka mezani wakaacha mkono juu yake, wakauliza bei ya ukurasa, kisha wakauliza kwa sauti ya chini kama kazi yao itabaki salama kwenye mashine yangu. Hao ndio watunzi. Nimewachapia dereva wa bodaboda, mwalimu wa shule ya msingi, mama anayeuza samaki Deep Sea, vijana waliomaliza kidato cha nne wakakaa nyumbani. Nimewachapia pia wazee waliokwisha kuwa na vitabu madukani. Kijana huleta riwaya aliyoiandika yote kwenye simu, inanifikia kwa WhatsApp vipande vipande. Mzee huleta utenzi kwa wino wa buluu, beti zimehesabiwa pembeni, na ole wangu niruke ubeti mmoja.

Wote wanakuja kwangu kwa kuwa hawana mahali pengine pa kupeleka maandishi yao, nami si mhariri. Naweza kuweka nukta na kutenganisha maneno yaliyoshikana. Lakini mhusika akifa ukurasa wa 40, kisha ukurasa wa 60 yuko harusini anakula pilau, mimi nafanyaje? Nimelipwa kuchapa. Nikimwambia mwenyewe, wengine hushukuru, wengine huchukua kauntabuku lao wakaenda duka la jirani.

Kilichonisukuma kuandika barua hii nilikiona dukani kwangu. Kijana mmoja alileta mashairi ya tarbia, mishororo minne kila ubeti kama inavyotakiwa, ila mizani, yaani hesabu ya silabi, zilikuwa zinatangatanga: ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, nane, utao, nusu ya pili, tisa, ubeti unaofuata saba. Mzee mmoja malenga, aliyekuwa akisubiri fotokopi ya kitambulisho, akaomba ayaone. Akayasoma kwa sauti, anagonga meza kwa kidole. Kila palipozidi mizani, kidole kilikwama na sauti ikakwama nacho. Hakumwambia kijana kwamba amekosea. Kijana mwenyewe akaanza kusema, "Hapo, hapo, ngoja mzee," akachukua kalamu. Hawakumaliza hata nusu saa. Yule kijana ameshahudhuria semina mbili za uandishi na ana vyeti vyake kwenye faili. Semina hizo hazikumpa alichopewa pale kwenye benchi, kwa sababu semina huzungumza na watu hamsini kuhusu kutunga, na mzee yule alizungumza na mtu mmoja kuhusu shairi lake.

Basi, Ndugu Mkurugenzi, hilo benchi ndilo ninaloliombea bajeti. Mwandishi anayechipukia anahitaji msomaji aliyemtangulia, atakayeusoma mswada wake wote, si kurasa mbili za mwanzo, na kumwambia ukweli kabla hajaupeleka kwa mchapishaji. Na huyo aliyemtangulia alipwe kwa kusoma, maana kusoma mswada wa kurasa 200 ni kazi ya wiki kadhaa.

Si jambo nililolibuni mimi. Kampala ipo Femrite, chama cha waandishi wanawake wa Uganda kilichoanza katikati ya miaka ya 1990. Wana nyumba Kamwokya, na kwa miaka mingi Jumatatu jioni imekuwa siku ya kusomeana kazi: mtu anakuja na hadithi yake, inasomwa, inachambuliwa, anarudi nayo nyumbani kuifanyia kazi. Wengine waliokaa kwenye duara hilo wakiwa hawajulikani leo ndio wanaowasomea wapya. Marekani, katika mji wa Minneapolis, kuna kituo kinachoitwa Loft. Kilianza miaka ya 1970 kwenye chumba cha juu ya duka la vitabu. Katika mipango yao upo mmoja ambao waandishi wachache wanaochipukia huchaguliwa na kuwekwa karibu na waandishi wenye vitabu, wawasomee na kuwaongoza. Norwich, Uingereza, jiji lililopewa na UNESCO hadhi ya Jiji la Fasihi mwaka 2012, kituo chao cha waandishi kimo ndani ya Dragon Hall, jengo la wafanyabiashara la karne ya 15. Hawakuanza kwa kujenga jipya. Sisi tunayo majengo ya zamani kuanzia bomani hadi barabara za mjini, mengine yametengenezwa vizuri na mengine yanasubiri paa lianguke ndipo tuyaite urithi.

Atatokea mtu kikaoni aseme hayo ni mambo ya Wazungu na ya Kampala, Tanga ni mkonge na bandari. Mtu huyo akumbushwe kwamba gazeti la Kiongozi lilikuwa likitolewa hapa hapa, kwenye shule ya serikali ya Wajerumani, kuanzia 1904 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, na wasomaji wake walikuwa wakiandika barua na mashairi kwa Kiswahili kabla babu zetu wengi hawajavaa viatu. Akumbushwe Hemed bin Abdallah al-Buhriy, aliyezitungia utenzi vita vya Wajerumani walipoitwaa Mrima, pwani yetu hii.

Na Shaaban Robert. Huyu tunamtaja kila sherehe, kwa hiyo naomba tumtaje kwa faida. Alizaliwa 1909 Vibambani, akafariki hapa Tanga 1962, kaburi lake liko Machui. Maisha yake ya kazi aliyamaliza akiwa karani wa serikali: forodha, idara ya wanyama, ofisi ya wilaya, ofisi ya upimaji. Alikuwa akiandika baada ya saa za kazi, kama wateja wangu. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru unahusu Vita vya Pili vya Dunia, 1942 hadi 1945, ukatoka kitabu mwaka 1967, miaka mitano yeye yuko kaburini. Kufikirika nayo iliandikwa miaka ya 1940 ikangoja hadi 1967 hiyo hiyo. Pambo la Lugha lilichapwa mbali, Johannesburg. Mshairi wa Tanga, anayeandika lugha ya Tanga, mashairi yake yanavuka nchi kadhaa kwenda kuchapwa! Mcheza kwao hutunzwa, tunasema, lakini huyu alitunzwa alipokwisha kuondoka. Dar es Salaam kuna mtaa na shule vyenye jina lake, na ni vizuri. Mimi nauliza kuhusu karani wa leo mwenye kauntabuku kwenye droo, ambaye hatujui jina lake bado.

Watu hudhani aliyekwisha kuchapwa hana shida tena. Wazee wanaokuja dukani wananieleza mengine. Mmoja aliuza haki zote za kitabu chake kwa malipo ya mara moja, akiwa na ada ya shule ya watoto kichwani, na mkataba aliusaini pale pale alipopewa. Kitabu kikaendelea kuuzwa, yeye akawa anakinunua kama mteja mwingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki katika kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki, lakini haki ya mapato ukishaiuza kwa mkataba ni vigumu kuirudisha. Angekuwepo mtu mmoja wa kumsomea ule mkataba na kumweleza maana ya mrabaha, yaani fungu la mtunzi katika kila nakala inayouzwa, mambo yangekuwa mengine. Kijana naye huibiwa kwa njia yake. Kuna mteja wangu alilipa akiba yake yote kwa watu waliojiita wachapishaji, akaletewa maboksi ya vitabu vyenye kurasa zilizorukana na jina lake limekosewa kwenye jalada. Maboksi yapo chini ya kitanda. Hajaandika tena.

Kuna na hasara isiyoonekana kwenye hesabu yoyote. Tanga ndiyo iliyokuwa na Black Star na Lucky Star, na taarabu yao ilivuka mipaka. Sauti za waimbaji tunazikumbuka. Waliotunga maneno wangapi tunawajua? Madaftari yao yamo kwenye masanduku ya familia, na mchwa hasomi lakini anamaliza kurasa. Nimeletewa daftari la namna hiyo na mjukuu aliyetaka nimtolee nakala. Nusu ya beti hazisomeki. Nyumba ya waandishi ingekuwa na skana na mtu wa kupita majumbani kuomba ruhusa. Hapo mzee na kijana wanakutana tena, maana kijana anayeyanakili maneno hayo anafundishwa mizani bila kuitwa darasani.

Sasa najua pendekezo litakalokuja haraka: waandishi waunde kikundi, wasajiliwe, waombe mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkopo huo ni mzuri kwa anayefuga kuku, na wapo walioinuka nao. Riwaya huandikwa kwa miaka, na ikiisha inaweza isiuzwe hata nakala moja mwaka wa kwanza. Utamtaka mtunzi aanze marejesho kwa fedha gani? Mwingine atasema ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayotolewa tangu 2023 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Ipo, na naipenda, kila mwaka nachapa miswada ya wanaoiwania. Lakini tuzo humchagua aliyekwisha kuiva. Miswada mingi inayotoka kwangu kwenda huko haijawahi kusomwa na mtu yeyote isipokuwa aliyeiandika na mimi niliyeichapa, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye kibodi.

Ninachoomba hasa ni hiki. Chumba kimoja kinachofunguliwa jioni na Jumamosi, watu wakishatoka kazini. Maktaba ya Mkoa ingefaa kuliko mahali pengine popote, ila iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, si Halmashauri, kwa hiyo itabidi ofisi yako iandike barua na pande mbili zikae mezani. Mratibu mmoja anayelipwa, asiyeongezewa kazi hii juu ya nyingine tano. Fungu la kuwalipa waandishi wakongwe kwa kila mswada wanaousoma wote na kuuandikia maoni kwa maandishi, si posho ya kikao. Siku moja kwa mwezi ya mtu anayejua mikataba. Na Halmashauri inunue nakala za vitabu vya watunzi wa hapa kwa ajili ya shule zake, vile tu ambavyo wasomaji wamesema vinafaa. Fedha za tamasha moja lenye mahema, fulana na spika za kupasua masikio zingetosha, naamini, kuwalipa wasomaji wa miswada kwa muda mrefu zaidi ya tamasha lenyewe.

Naomba pia jambo ambalo si la fedha. Kuchagua nani asomewe na nani achapwe wasifanye viongozi, hata wale wanaopenda ushairi. Mashairi ya kumkaribisha mgeni rasmi nimeyachapa mengi na yana bei yake nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini kijana akianza kuhisi kwamba nyumba ile inataka sifa, ataleta sifa, na riwaya yake ya kweli ataificha.

Miswada mitatu ninaweza kuileta ofisini kwako kwa idhini ya wenyewe: riwaya ya yule bodaboda, utenzi wa mzee mmoja wa Makorora, na hadithi za watoto za yule mama wa Deep Sea, ambazo kwa maoni yangu ndizo bora kuliko zote. Mpe Afisa Utamaduni aisome usiku mmoja, kisha muulize kama kifungu hiki kinafaa kuingia kwenye bajeti. Kama kikao cha wataalamu kitataka mtu wa kueleza, siku hiyo nitafunga duka nije.

Wako mwananchi,
Mchapaji wa steshenari, Ngamiani, Tanga

Nakala: Mstahiki Meya wa Jiji la Tanga, Afisa Utamaduni wa Jiji, Maktaba ya Mkoa wa Tanga