Kwa mdogo wangu anayetaka kuwasoma wanawake wa Rwanda

Mdogo wangu mpendwa,

Umesema wewe na wenzako mnataka kuwasoma waandishi wanawake wa Rwanda, na mtaanza na kitabu chochote kuhusu mauaji ya kimbari ya 1994 mtakachokipata. Nakuomba msianzie hapo. Vitabu hivyo ni vya lazima, lakini msomaji akiingia kwa mlango wa vifo, kila mwanamke atakayemkuta mbele atamwona shahidi tu. Hatamsikia tena kama mwandishi. Na hawa ni waandishi hasa.

Anzeni na Scholastique Mukasonga, na katika vitabu vyake anzeni na La femme aux pieds nus cha 2008. Wasiosoma Kifaransa watafute tafsiri ya Kiingereza ya Jordan Stump, The Barefoot Woman. Ni kitabu chembamba kuhusu Stefania, mama yake mwandishi. Kinafunguka kwa ombi: mama anawaambia binti zake kwamba siku akifa wamfunike kwa kitenge chake, maana maiti ya mama haifai kuonekana. Stefania aliuawa 1994, na binti hakuwepo kumfunika. Kitabu hicho ndicho kitenge, kimefumwa neno kwa neno. Ukishalijua hilo hutasoma sura ya mtama kwa haraka, wala ile ya mkate, wala ya kuposa na kuolewa, ukidhani ni maelezo ya mila tu. Kila kazi ya mikono ya mama yule ni uzi.

Tazameni nyumba. Mwaka 1960 familia hiyo ya Kitutsi ilihamishwa kwa nguvu ikapelekwa Nyamata, huko Bugesera, kusini mwa Kigali, ng'ambo ya mto Nyabarongo. Walipewa nyumba ya pembe nne, bati juu. Stefania hakutulia mpaka alipojenga inzu nyuma yake, nyumba ya nyasi ya mviringo, iliyosukwa kama kapu. Moto una mahali pake mle, hadithi zina mahali pake. Someni ukurasa huo mara mbili, kisha mrudi kwenye sura ya mwanzo, pale mama huyohuyo anapoandaa maficho ya watoto na njia ya kukimbilia Burundi. Anajenga makao na anapanga kukimbia, yote kwa wakati mmoja.

Wasomaji wengi hudhani Mukasonga aliyaona mauaji ya 1994 kwa macho yake. La. Alizaliwa 1956, akakimbilia Burundi 1973 akiwa mwanafunzi, na tangu 1992 anaishi Ufaransa. Ndugu na jamaa zake 37 waliuawa akiwa mbali. Alichokiishi yeye ni ile miaka ya kabla, ambayo wengi hatuijui. Kwa hiyo kabla ya kufungua kitabu chochote, andika miaka hii kwenye karatasi uibandike ndani ya jalada: 1959 (Watutsi waanza kushambuliwa na kukimbia), Desemba 1963 (mauaji ya Watutsi), 1973 (Watutsi wafukuzwa mashuleni), Oktoba 1990 (vita vyaanza), Aprili hadi Julai 1994 (mauaji ya kimbari). Kila unapokutana na kukimbia au kufukuzwa shule, uliza ni mwaka upi kati ya hiyo. Asiyefanya hivyo huchanganya vizazi viwili vya wakimbizi.

Karatasi hiyo itakufaa sana kwenye Notre-Dame du Nil, riwaya iliyopata tuzo ya Renaudot 2012. Ni shule ya bweni ya wasichana, juu milimani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watutsi wametengewa asilimia 10 ya nafasi: katika darasa la wasichana 20 wako wawili, Veronica na Virginia. Karibu na shule kuna sanamu ya Bikira Maria iliyopakwa rangi nyeusi. Gloriosa, binti wa mkubwa serikalini, anaamua kwamba pua ya sanamu ni ya Kitutsi, na lazima ivunjwe iwekwe nyingine. Msomaji mwenye haraka hucheka akapita. Rudini hapo. Pale shuleni hakuna aliyeuawa bado, na kila kitu kimeshaanza, kwenye pua ya udongo.

Majina nayo huwapoteza watu. Kwa desturi ya Rwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, hivyo ndugu wa tumbo moja huweza kuwa na majina yasiyofanana kabisa. Usitafute ukoo kwa jina. Ile Muka- ya Mukasonga na ya Mukagasana, mtakayemkuta mbele, inabeba maana ya mke, na sikio la Mswahili halihitaji msaada sana hapo. Tahajia ya Kifaransa pia inaficha mambo: L'Iguifou, mkusanyiko wa hadithi fupi wa 2010, ni neno igifu, tumbo. Humo njaa ni kama kiumbe anayeishi na mtoto tangu kuzaliwa.

Halafu Beata Umubyeyi Mairesse, mzaliwa wa Butare, 1979. Huyu alikuwepo 1994, akavushwa kwenda Burundi katika msafara wa kuokoa watoto. Kitabu chake cha kwanza, cha 2015, kinaitwa Ejo. Kwa Kinyarwanda neno hilo ni jana, na ni kesho pia. Maneno yanayolizunguka ndiyo yanayoamua. Sisi tuna maneno mawili, kwa hiyo huwezi kulihamisha jina hilo bila kulivunja. Riwaya yake ya 2019, Tous tes enfants dispersés, ina sauti za vizazi vitatu, kwa hiyo andikeni pembeni nani anasema.

Sasa ndipo ushuhuda. Yolande Mukagasana, muuguzi, kitabu cha 1997. Esther Mujawayo, mwanasosholojia, mmoja wa waanzilishi wa AVEGA, chama cha wajane, kitabu cha 2004. Sura moja kwa kikao inatosha, na msiwashindanishe wanawake hawa nani ameumia zaidi. Ongezeni Fuir ou mourir au Zaïre cha Marie Béatrice Umutesi, 2000: mkimbizi wa upande mwingine, Mhutu, aliyevuka misitu ya Kongo kwa miguu kutoka Bukavu mpaka Mbandaka. Kuna watakaogoma kukisoma kikao kimoja na vile viwili. Usiwalazimishe, ila kitabu kibaki mezani. Na ramani ya Kongo iwe wazi, maana bila hiyo Tingi-Tingi, kambi ya wakimbizi, ni jina tu.

Kikao cha kwanza kila mmoja aje na kitenge. Someni kwa sauti lile ombi la Stefania, kurasa mbili tatu, kabla hamjaongea chochote.

Dada yako