Zimebaki wiki nne, waongezeeni Wasudan Kusini muda

Omaha, Nebraska
6 Oktoba 2025

Mhariri,

Salamu nyingi kutoka huku Omaha. Mimi ni mzaliwa wa Kitale, huku nimekaa mwaka wa tisa sasa na gazeti lenu nalisoma kwa simu asubuhi nikitoka shifti ya usiku. Mwezi uliopita mmeandika sana kesi ya Riek Machar, yule kiongozi wa upinzani wa Sudan Kusini, kule Juba na nawashukuru kwa hiyo, lakini kuna jambo linatoka kwa vita vya huko ambalo sijaona mtu akiligusa na tarehe yake imekaribia mno. Tarehe 3 Novemba, siku ya Jumatatu, kibali cha muda cha Wasudan Kusini walioko Marekani kinafika mwisho na mpaka leo ninapoandika hakuna tangazo lolote, kama wataongezewa ama ndio basi.

Huku kila mtu anakiita TPS. Wacha nieleze kidogo manake hata kaka yangu nilipomwambia alidhani ni grinkadi. Siyo. Ni sheria ya 1990 inayosema nchi ikiingia vita ama janga kubwa watu wake wasiweze kurudi salama, serikali inaweza kuamua wale ambao tayari wako hapa wasirudishwe kwa miezi 6, 12 ama 18, na wapewe kadi ya kufanya kazi, halafu muda ukikaribia kuisha wanaangalia tena hali ya huko. Haikupi uraia, haikupeleki kwa grinkadi, na huwezi kumleta mama yako nayo. Inakupa kukaa na kufanya kazi bila kujificha, imeishia hapo. Sudan Kusini ilipewa 2011, mwaka ule ule wa uhuru, na imekuwa ikiongezwa tu mpaka ile ya mwisho ya 2023.

Kuna dada tunafanya naye kazi usiku kwenye nyumba ya wazee, jina lake sitalitaja kwa sababu anaogopa na ana haki ya kuogopa. Amezaliwa upande wa Nasir huko Sudan Kusini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma aliingia akiwa amebebwa mgongoni, sekondari akasomea kwetu Kitale kwa hivyo Kiswahili chake ni kile kile changu, anajua hadi duka gani pale stendi walikuwa wanauza mandazi ya shilingi tano. Alikuja huku na visa ya masomo mwaka wa 2022, karo ikamshinda, na nyumbani pakawa si pa kurudi, akaingia TPS. Kazi yetu si ya kusimulia lakini wacha niiseme, ni kuwageuza wazee kitandani kila masaa mawili wasipate vidonda, kuwaosha, kuwalisha wale mikono imekataa, na kuna mzee mmoja usiku hatulii mpaka huyu dada amshike mkono. Hiyo ndiyo kazi anayofanya huyu mtu ambaye wiki nne kutoka leo anaweza kuambiwa hana ruhusa ya kushika hata shuka.

Kadi yake ya kazi yenyewe imeandikwa mwisho ni 3 Mei. Ikifika Mei hii iliyopita serikali haikuamua chochote kwa wakati, na sheria inasema wakikosa kuamua siku 60 kabla basi muda unajiongeza miezi sita, ndiyo ikafika Novemba. Kwa hivyo kila mahali anatembea na kadi iliyokwisha tarehe na karatasi ya tangazo la serikali aliyoichapisha, ameiweka kwa plastiki, anaifungua kila mahali kumweleza mtu ambaye hajawahi kusikia hiyo TPS ni nini. Leseni ya gari nayo inafuata hiyo hiyo tarehe. Sasa zile siku 60 za mara hii zilipita mwanzo wa Septemba na kimya. Labda wataacha ijiongeze tena, labda wanafunga kabisa, ofisi ya wafanyakazi pale kazini imeshamwita mara mbili kumuuliza kadi mpya iko wapi na yeye hana la kujibu kwa sababu hakuna aliyemjibu yeye.

Kaka yangu akaniuliza, kwani vita si viliisha 2018? Swali hilo nalisikia sana hata kwa Wakenya wa huku, na wanauliza vizuri tu si kwa ubaya, kwa hivyo nijibu. Vita vilianza Juba Desemba 2013, watu wa Rais Kiir na watu wa Machar. Wakapatana 2015, Julai 2016 Juba ikawaka tena. Wakapatana Septemba 2018 na ni kweli palitulia kidogo mahali pengine, lakini jeshi moja waliloahidi halikukamilika, na uchaguzi wa Desemba 2024 ukasukumwa mpaka Desemba 2026. Halafu mwaka huu Machi vijana wenye silaha wanaoitwa White Army wakateka kambi ya jeshi Nasir, helikopta ya Umoja wa Mataifa iliyokuja kuwatoa wanajeshi ikapigwa risasi na jenerali aliyekuwa anaokolewa akafa, na baada ya hapo ndege za serikali zikaanza kuangusha mabomu upande ule. Nasir, Mhariri. Ndiko kwao na huyu dada. Tarehe 26 Machi Machar akafungiwa nyumbani, Raila Odinga akatumwa kutoka Nairobi kwenda kujaribu kupatanisha na hata kumwona Machar hakuruhusiwa. Tarehe 3 Mei hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka pale Old Fangak ikapigwa bomu, na hiyo tarehe naikumbuka vizuri kwa sababu ndiyo ile ile iliyoandikwa kwa kadi yake. Sasa Machar yuko kortini kwa uhaini na mauaji. Hiyo ndiyo nchi mtu anaweza kusema imetulia?

Na Marekani wenyewe wanajua. Machi hiyo hiyo waliwaamuru wafanyakazi wao wasio wa lazima watoke Juba. Wizara yao ya mambo ya nje imeiweka Sudan Kusini daraja la nne, lile la mwisho, usiende kabisa, na anayeng'ang'ania kwenda nchi za daraja hilo wanamshauri aandike wosia kwanza. Hapa ndipo mimi nashindwa kuelewa kabisa. Kama raia wako unamwambia aandike wosia kabla ya kukanyaga huko, huyu dada wa Nasir utamwambia nini?

Najua hoja ya wengine, ati ukiongeza muda wengine watakuja mbio. Hawawezi. Ile ya 2023 ilisema wazi lazima uwe ulikuwa unaishi hapa tangu 4 Septemba 2023, aliyekuja siku iliyofuata hayumo. Ukiwa na kosa moja kubwa la jinai ama mawili madogo, umetoka. Na tangu 5 Aprili mwaka huu waziri wao wa mambo ya nje Marco Rubio alifuta visa zote za wenye pasipoti ya Sudan Kusini, hiyo ilitokana na ugomvi wa mtu mmoja aliyerudishwa Juba na Juba wakasema huyu si wetu huyu ni Mkongo. Mtu mmoja, taifa zima likafungiwa mlango.

Tena hawa watu ni wangapi? Mwaka 2023 serikali yenyewe ilisema waliokuwa nayo ni kama 133 na wengine kama 140 wangeweza kuomba. Hawafiki 300. Shule ya upili ya kawaida tu pale Trans-Nzoia ina wanafunzi zaidi ya hao. Uganda peke yake inahifadhi karibu milioni moja ya Wasudan Kusini, na sisi Kakuma imekuwapo tangu 1992, ilifunguliwa kwa ajili ya wale wavulana waliotembea kutoka Sudan kwa miguu. Nchi tajiri kama hii haielemewi na watu wanaotosha basi tano.

Siombi wakae milele. Kama siku moja Sudan Kusini itapata amani ya kweli basi kibali kifungwe, lakini kuna namna ya kufunga. Waburundi walikuwa na TPS tangu Novemba 1997, wakati ule wa vita vyao. Mkataba wa Arusha ukaja mwaka 2000, uchaguzi 2005, na Oktoba 2007 Marekani wakatangaza kwamba inaisha ila itaisha 2 Mei 2009. Mwaka mmoja na nusu mtu anajipanga, anauza gari, mtoto anamaliza darasa, anatafuta wakili kama ana kesi nyingine. Lakini mwaka huu tumeona Waafghani ilikatika Julai na Wakameruni Agosti kwa haraka sana, na ndio maana Wasudan Kusini hawalali. Ninachotaka mimi ni miezi 18 mingine, na itangazwe kabla ya tarehe 3, si baada.

Na ninaandika kwa gazeti la nyumbani kwa sababu jambo hili liko nyumbani pia. Mama ya huyu dada bado yuko Kakuma. Mgao wa chakula mwaka huu umekatwa vibaya, na tangu Agosti watu wamepangwa makundi, kuna wanaopata kidogo na kuna kundi lisilopata kitu. Anayemlisha ni huyu binti yake wa Omaha kwa M-Pesa, na wadogo zake wawili karo yao ya shule Kitale inatoka mfuko huo huo. Akikatwa hapa, mwalimu wa pale Kitale atajua kabla ya mtu yeyote Washington. Kwa hivyo naomba wizara yetu ya mambo ya nje, ambayo miaka yote imekuwa mstari wa mbele kwa mazungumzo ya Sudan Kusini, tangu enzi za Naivasha mpaka ile meza ya Tumaini mwaka jana, iuulize ubalozi wa Marekani Nairobi swali hili waziwazi. Wabunge wa Turkana na Trans-Nzoia nao waulize, hao ndio wanaishi na hawa watu. Na sisi Wakenya wenye uraia huku tumpigie simu mbunge wetu wa hapa, namba ya ofisi yake iko wazi, mimi nimepiga mara tatu, ya tatu msichana aliyepokea akaandika kila kitu nilichosema.

Jumamosi usiku tukiwa mapumziko mama ya huyu dada alipiga simu kutoka Kakuma. Alitaka kujua kama mwezi wa kumi na moja atatuma kama kawaida ili akakope unga dukani mapema. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Alimwambia ndiyo mama, nitatuma, halafu akakata simu akaenda kumgeuza mzee wake manake saa ilikuwa imefika.

Ni mimi msomaji wenu,
Mzaliwa wa Kitale, Omaha