Barua ya wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma): tunaomba pampu

Profesa, shikamoo.

Usinione sina adabu kukuandikia hadharani. Barua za mwakilishi wa darasa zilipokelewa masijala, zikagongwa mhuri, na huko ndiko zilikoishia. Ningeendelea kunyamaza, ila wiki iliyopita, baada ya zaidi ya nusu ya darasa letu la Uhandisi Mitambo kukutwa na sapu (mtihani wa marudio) ya mekanika ya vimiminika, ulisimama ukumbini ukasema uhandisi si wa kila mtu, na kwamba vijana wa siku hizi tunapenda simu kuliko kitabu.

Profesa, swali la kwanza la mtihani ule lilitutaka tueleze tulichokiona ndani ya bomba la kioo tulipokuwa tukifungua koki kidogo kidogo. Tulichokiona! Tulichokiona ni bomba kavu lenye vumbi, na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu: "MBOVU. USIWASHE." Karatasi yenyewe imeshapauka.

Na jaribio hilo halitaki mtambo wa ajabu. Mhandisi Osborne Reynolds alilifanya Manchester, akalichapisha mwaka 1883: maji, bomba la kioo na wino. Maji yakienda taratibu, wino unanyooka katikati kama uzi. Ukiongeza kasi unaanza kuyumba, kisha unasambaa bomba zima. Vitabu vinasema namba ya Reynolds, inayokokotolewa kwa kasi ya maji, upana wa bomba na unato wa maji, ikiwa chini ya 2,000 hivi mtiririko umetulia, ikipita 4,000 umevurugika. Nimezikariri. Kuona, sijaona. Sisi tunapewa fotokopi ya vipimo vya kaka zetu waliokwisha kuhitimu, na pembeni bado kuna mwandiko wa mtu: "Kipimo cha 4 kina shaka, rudia." Hakuna aliyerudia. Kila mwaka darasa zima linachora grafu ileile, nukta ya nne inakaa nje ya mstari, nasi tunatunga sababu: huenda joto la maji, huenda jicho la mpimaji. Tunafundishwa kuandika ripoti ya kazi ambayo hatukuifanya, na tunapewa alama kwa hilo. Mbele ya safari msije mkatulaumu.

Tulipoingia mwaka wa kwanza ulituahidi kwa kinywa chako kwamba pampu ya kusukuma maji kwenye bomba hilo itakuwa imefika kabla hatujaanza mwaka wa pili. Mwaka wa pili tumeuingia na tumeutoka. Wapo wanaosema manunuzi yamekwama kwenye mfumo, wapo wanaosema fungu liliishia kwenye viyoyozi vya ukumbi uleule ulimotusemea. Mimi sijui, ila siku ile kulikuwa na ubaridi mzuri, tunashukuru.

Huko ofisini sapu ni herufi kwenye karatasi ya matokeo. Mimi likizo hii niko PT (mafunzo kwa vitendo) kwenye karakana, mchana kutwa nimelala chini ya magari, usiku ndiyo nafungua daftari. Septemba nitatakiwa nirudi chuoni: nauli, chumba cha kupanga maana hosteli zimefungwa, na kula, na bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu) la kufanyia sapu halipo. Atakayelipa ni kaka yangu anayeendesha bajaji, ambaye ameshaanza kuniuliza hii digrii inaisha lini. Nikianguka tena ni kariova, yaani kulibeba somo hadi mwaka unaofuata, miaka minne inaelekea kuwa mitano, na hapo bado Bodi ya Usajili wa Wahandisi inanisubiri na miaka mitatu ya mafunzo kazini kabla sijaitwa mhandisi mtaalamu. Nimjibu nini?

Nilikuwa nimeandika mengi hapa: vitabu, tyutoriali zisizo na mkufunzi, barua za PT zinazotoka wakati nafasi zimeshajaa. Nimeyafuta yote. Tunaomba pampu, Profesa. Pampu ya maji tu, hata hizi za visima zinazouzwa madukani mjini. Fundi sanifu wa maabara anasema akiruhusiwa ataifunga mwenyewe. Mruhusu. Hatuhitaji uzinduzi wala utepe wa kukata.

Pampu, Profesa, kabla ya Septemba.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Uhandisi Mitambo