Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wazo Jipya Linahitaji wa Kulipokea

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi zilizofanyika mwaka huu. Mkutano mkuu uliopita uliiagiza kamati tendaji ichunguze kwa nini mapendekezo mazuri yanayotolewa ndani ya taasisi zetu, pamoja na yale yanayozaliwa baina ya taasisi moja na nyingine, huishia kwenye majalada. Baada ya kuzungumza na wanachama wa sekta zote, msimamo wa kamati ni kwamba hatuna uhaba wa mawazo. Tunachokosa ni mtu mwenye mamlaka na bajeti wa kulipokea wazo pale linapotoka mikononi mwa aliyelibuni.

Kipimo tulichokitumia si chetu. Mwongozo wa Oslo, yaani mwongozo wa kimataifa wa kupima ubunifu, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1992 na la nne mwaka 2018, unataka bidhaa iwe imewafikia watumiaji, au utaratibu uwe umeanza kutumika ndani ya taasisi, ndipo uhesabiwe kuwa ubunifu. Kwa sababu hiyo tuliwaomba wanachama waache kutuletea idadi ya mapendekezo yaliyokusanywa, badala yake watueleze kila pendekezo lilipokelewa na nani na likafikia wapi. Majibu yalikuja polepole, na baadhi ya taasisi hazikuweza kujibu kabisa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepewa jukumu la kufuatilia.

Mfano uliotufundisha zaidi ulitoka ghalani. Mtunza ghala wa taasisi mojawapo alieleza kwamba kreti za mgavi wao hazilingani na rafu zao, hivyo kila shehena inapofika, bidhaa hutolewa kreti moja baada ya nyingine, huhesabiwa, kisha hupangwa upya kwenye kreti nyingine, na baadhi huvunjika katika kuhamishwa huko. Pendekezo lake lilikuwa kwamba pande zote mbili zitumie kreti za kipimo kimoja, zinazokwenda zimejaa na kurudi tupu. Kila aliyelisoma alilisifu, lakini halikusogea, kwa sababu gharama ya kununua kreti ingeangukia idara ya usafirishaji ya mgavi, ilhali nafuu ingeonekana kwenye hesabu za ghala la mnunuzi. Meneja anayepimwa kwa matumizi ya idara yake hawezi kulaumiwa kwa kusita kutoa fedha ambazo faida yake itaandikwa kwa mwenzake. Kamati ilizikutanisha pande hizo na kuomba kila moja ilete mezani takwimu zake za muda wa kupakua, bidhaa zilizovunjika na bei ya kreti. Hesabu zilipowekwa pamoja, mgawanyo wa gharama ulikubaliwa katika kikao kilekile, na jaribio likaanza kwenye njia moja ya usafirishaji. Leo kreti hizo zinatumika kwenye njia zote baina ya taasisi hizo mbili, na mtunza ghala huyo ndiye anayewaelekeza wafanyakazi wa pande zote.

Wapo waliouliza kama ucheleweshaji wa namna hiyo ni wa taasisi ndogo tu. Sivyo. Katika kampuni ya 3M ya Marekani, Spencer Silver alipata gundi dhaifu isiyoshika sana mwaka 1968, akaieleza kwa wenzake kwa miaka kadhaa bila kupatikana matumizi ya maana. Mwaka 1974 mfanyakazi mwenzake, Art Fry, aliona kwamba gundi hiyo ingeweza kushikilia vikaratasi vya kuweka alama kitabuni bila kuharibu kurasa, na vikaratasi hivyo vikaingia sokoni kote Marekani mwaka 1980. Naona uzito mkubwa katika ukweli kwamba Silver aliendelea kuzungumza na watu wa idara nyingine, na kampuni ilimwachia nafasi ya kufanya hivyo.

Baina ya makampuni, jambo linalotangulia ni kuaminiana, nako hakujengwi siku ya dharura. Tarehe 1 Februari 1997 moto uliteketeza kiwanda cha Aisin, kampuni ya vipuri vya magari nchini Japani, kilichokuwa kikitengeneza karibu vali zote za breki za aina fulani zilizotumiwa na Toyota. Akiba iliyokuwepo ilikuwa ndogo mno, na viwanda vya Toyota vikalazimika kusimama. Aisin ilitoa michoro yake kwa makampuni mengine, yakiwemo yasiyowahi kutengeneza vali hizo, kama vile Brother, watengenezaji wa vyerehani; kila moja likatafuta njia yake kwa mashine ilizokuwa nazo, na uzalishaji ukarejea katika muda wa takribani wiki moja. Michoro ile ilitolewa bila mabishano ya malipo wala haki, kwa sababu makampuni hayo yalikuwa yamezoea kutatua matatizo pamoja kwa miaka mingi.

Sisi hatujafika huko, na lazima niseme wazi kinachotuzuia. Wapo wanachama wanaohudhuria vikao vya kubadilishana ujuzi, wanasikiliza, wanaandika, na hawatoi chochote. Jambo hili linawakatisha tamaa wanaotoa, na nimepokea malalamiko yao kwa uzito. Kamati imeandaa rasimu ya kanuni za kushirikiana: ujuzi ambao mwanachama ameingia nao unabaki mali yake; kinachobuniwa kwa pamoja kinamilikiwa na walioshiriki kazi, kwa mgawanyo unaoandikwa kabla jaribio halijaanza; na anayejitoa katikati haondoki na taarifa za wenzake. Kila jaribio litakuwa na mpokezi anayetajwa kwa cheo, pamoja na tarehe ya kuamua kama liendelee au lisitishwe, kwani majaribio yasiyo na mwisho ndiyo yanayokula fedha za mapya.

Kuhusu kiwango cha kimataifa cha ISO 56001 cha mifumo ya kusimamia ubunifu, kilichotolewa mwaka 2024, ushauri wetu ni kwamba taasisi zikisome na kukitumia kujikagua, lakini zisikimbilie cheti kabla ya kupanga nani anaamua nini.

Hesabu za fedha zitasomwa na mhazini.

Hoja ninayoiweka mbele yenu ni moja: mkutano huu upitishe rasimu ya kanuni za kushirikiana, na kila mwanachama amteue ofisa mmoja mwenye mamlaka ya bajeti, ambaye jina lake litawasilishwa kwa katibu kabla ya jaribio lolote la mwaka ujao kuidhinishwa.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti